POMBE ZINA MAJINA MENGI
Masomo kwa wamama wenye mimba na wamama wanaonyonyesha



Siku ya kupima mimba na siku ya kupima watoto, wamama wanatuuliza maulizo mengi juu ya pombe. Mmoja anasema: «Munganga, miye sikunywake kanyanga, nakunywaka kasiksi tu.» Mwingine anajibu: «Kasiksi hapana, iko na uchafu. Miye nakunywaka bia ya chupa, ile ya kiwanda.» Wa tatu anasema: «Mama-mkwe wangu aliniambia bia nyeusi inaongezaka damu, na mandale inaletaka maziwa.» Kila mmoja anafikiri pombe yake ni ndogo, na ile ya mwenzake ndiyo mbaya.

Katika masomo haya tutaangalia pombe hizi moja moja: zinatengenezwa namna gani, nguvu yake ni gani, hatari yake ni gani. Ni kweli, pombe hazifanani. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya zote, na kitu hicho ndicho kinachofika kwa mtoto.

1. KITU GANI KINAFANYA POMBE KUWA POMBE?

Chukua maji ya ndizi mbivu, ao uji wa mtama uliochipuka, ao maji ya ngazi. Vyote hivi vina sukari. Ukiviacha pahali penye joto, chachu inaingia. Chachu ni vidudu vidogo sana, macho hayawezi kuviona. Vinakula sukari, na kisha vinatoa vitu viwili: hewa, ile inayofanya povu, na alkoli, ile inayolevya.

Kwa hiyo utamu ukipungua, alkoli inaongezeka. Ndiyo sababu maji ya ngazi ya asubuhi ni matamu kama soda, lakini yale ya jioni yanachoma ulimi na kugeuza kichwa. Ni maji yaleyale, lakini chachu imefanya kazi mchana wote.

Alkoli ni moja tu. Hakuna alkoli ya ndizi, na nyingine ya mahindi, na nyingine ya kiwanda. Ladha inabadilika, rangi inabadilika, bei inabadilika. Alkoli haibadiliki.

2. POMBE TUNAZOZIJUA

Kasiksi. Hii ni pombe ya ndizi. Ndizi zinafukiwa katika shimo lenye majani, siku nne, tano ao sita, mpaka ziive. Kisha zinamenywa na kukamuliwa pamoja na majani makavu ndani ya mtumbwi wa mti, wanaongeza maji, wanachuja. Maji yale matamu, mbele ya kuchacha, yanaitwa mutobe. Hayajakuwa pombe. Wakitia unga wa mtama uliokaangwa na kuyafunika siku mbili ao tatu, yanakuwa kasiksi. Kasiksi haina kipimo kimoja. Nyingine ina nguvu sawa na bia ya chupa, nyingine inaipita mara mbili. Yule anayekunywa hawezi kujua kwa kuangalia. Na kuna jambo lingine: maji yanayoongezwa mara nyingi hayakuchemshwa. Kama maji yale yametoka mtoni ao ziwani wakati wa kipindupindu, ugonjwa unaweza kuingia pamoja na pombe. Tena bidoni iliyokuwa na dawa ya kuua wadudu wa shamba haisafishwi kwa maji ya moto wala kwa mchanga. Sumu inabaki ndani ya plastiki. Bidoni ya namna ile isitiwe kitu cha kunywa hata siku moja.

Mandale na pombe nyingine za nafaka. Hizi zinatengenezwa na mahindi ao mtama, na pahali pengine wanachanganya na muhogo. Nafaka inalowekwa mpaka ichipuke, inakaushwa, inasagwa, inapikwa, kisha inachacha. Pombe hizi ni nzito, zina masimbi chini, na mtu akikunywa tumbo linajaa. Kwa sababu tumbo limejaa, mama anafikiri amekula. Lakini hakula. Hilo tutalizungumza tena mbele.

Munkoyo. Hii inajulikana zaidi upande wa Katanga. Ni uji mwembamba wa mahindi unaotiwa mizizi ya mti wa munkoyo. Mizizi inafanya uji kuwa mtamu na mwepesi. Siku ya kwanza munkoyo karibu haina alkoli, watoto na wazee wanaikunywa. Lakini ikikaa siku nyingi inakuwa pombe kabisa. Jina ni lilelile, kibuyu ni kilekile, lakini kitu kilicho ndani kimegeuka. Mama, usiulize jina lake tu. Uliza pia: imepikwa siku gani?

Bia ya kiwanda. Katika inchi yetu, kampuni iliyokuwa Bralima ilianzishwa Léopoldville, leo Kinshasa, mwaka wa 1923. Bia ya kiwanda inapikwa na shayiri iliyochipuka, mara nyingi pamoja na mchele ao mahindi, na maua ya mmea wa hubloni yanayoleta uchungu. Inachemshwa, inachujwa, inafungwa katika chupa. Kwa uchafu wa maji haina hatari kubwa kama kasiksi. Nguvu yake imeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Bia nyingi nyeupe kama Primus zina alama 5 kwa 100. Bia nyeusi ni nyeusi kwa sababu nafaka yake imekaangwa sana, kama vile kahawa inavyokuwa nyeusi ikikaangwa. Rangi ile haitoki katika damu, wala haiendi katika damu. Bia nyeusi nyingine ina alkoli zaidi ya ile nyeupe. Soma namba, usisome rangi.

Kiwanda kinauza pia kinywaji cha shayiri kisicho na alkoli, kitamu na cheusi. Hicho si pombe, lakini kina sukari nyingi na bei yake ni kubwa. Hakiwezi kuchukua pahali pa chakula.

Kanyanga na lutuku. Hizi si bia tena. Ni pombe iliyochacha, kisha ikapikwa juu ya moto, na mvuke wake ukapita katika mrija baridi na kudondoka katika chupa. Kwa njia hii maji mengi yanabaki nyuma, na alkoli inakusanyika. Nguvu yake inaweza kufika 40 kwa 100 na kupita. Inaonekana safi kama maji ya mvua, na hapo ndipo inapodanganya watu. Ndani yake kunaweza kuwa na alkoli ya namna nyingine, inayoitwa metanoli. Hiyo ni sumu. Metanoli inaharibu mishipa ya macho, inapofusha, inaua. Metanoli nayo ni safi kama maji: macho hayaioni, na ulimi hauwezi kuitofautisha.

Alama za sumu hii hazionekani mara moja. Mtu analala, anafikiri ni ulevi tu. Kesho yake anaumwa kichwa na tumbo, anatapika, anapumua mbiombio, na macho yanaona ukungu. Ukiona alama hizi kwa mtu aliyekunywa kanyanga ao lutuku, usimwache alale. Mpeleke hospitali siku ileile. Kila saa inayopita inaweza kuwa macho yake, ao maisha yake.

3. TUPIME NGUVU YAKE

Wamama wanajua kupima. Sokoni mnapima unga kwa guruguru, mafuta kwa chupa. Basi tupime alkoli vilevile.

Chupa kubwa ya bia ina mililita 720. Kama nguvu yake ni 5 kwa 100, alkoli iliyo ndani ni mililita 36.

Kikombe kikubwa cha nusu lita ya kasiksi, kama nguvu yake ni 8 kwa 100, kina alkoli mililita 40.

Kilauri kidogo cha kanyanga, mililita 100, kama nguvu yake ni 40 kwa 100, kina alkoli mililita 40.

Angalia vizuri. Chupa nzima, kikombe kikubwa, na kilauri kidogo ni karibu sawasawa. Mama wa kwanza anasema: «Nimekunywa chupa moja tu.» Wa pili anasema: «Nimekunywa kikombe kimoja tu.» Wa tatu anasema: «Nimekunywa kilauri kimoja tu.» Wote watatu wamekunywa kitu kimoja.

Mwili wa mtu mkubwa unaondoa alkoli polepole, mililita 7 mpaka 10 kwa saa moja. Basi chupa kubwa moja inataka saa nne ao tano kutoka katika damu. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji baridi hakuharakishi. Kula pilipili hakuharakishi. Ini ndilo linalofanya kazi hiyo, nalo lina mwendo wake.

4. MTOTO ALIYE TUMBONI

Mtoto tumboni anakula kwa njia ya kitovu na kondo la nyuma. Kondo ni kama mlango. Linazuia vitu vingi vibaya, lakini alkoli linaiacha ipite. Mama akikunywa, baada ya muda mfupi damu ya mtoto inakuwa na alkoli kama damu ya mama. Mama ana ini kubwa lenye nguvu. Ini la mtoto ni dogo na halijakomaa. Mama anaamka asubuhi bila ulevi, lakini mtoto anabaki nao muda mrefu zaidi.

Mwaka wa 1968, munganga Paul Lemoine na wenzake, mjini Nantes katika Ufaransa, waliandika habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Mwaka wa 1973, waganga Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona alama zilezile na kuupa ugonjwa huu jina. Mtoto anazaliwa mdogo, kichwa chake ni kidogo, macho ni membamba, mdomo wa juu ni mwembamba, na ule mfereji kati ya pua na mdomo umelala. Akikua, anachelewa kusema, anachelewa kujifunza, hawezi kutulia, anasahau. Mara nyingine uso wake ni mzuri kabisa, hakuna alama, na shida inaonekana tu akiingia masomo. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anampiga. Kumbe ubongo wake uliumia mbele ya kuzaliwa.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa. Lakini unaweza kuzuiwa wote kabisa: mama asikunywe pombe wakati wa mimba. Tena pombe inaweza kutoa mimba, ao kumfanya mtoto azaliwe mbele ya wakati.

Wamama wanauliza: «Kidogo tu, mara moja kwa juma?» Waganga hawajapata kipimo ambacho wanaweza kusema, hiki hakimdhuru mtoto. Kwa hiyo shauri letu ni fupi: tangu unapojua una mimba, na hata tangu unapotafuta mimba, acha pombe zote. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 13, malaika alimwambia mama wa Samsoni asikunywe divai wala kileo, kwa sababu atazaa mwana. Wazee wa zamani walikuwa na hekima.

5. JE, POMBE INALETA MAZIWA?

Hili ndilo neno tunalolisikia zaidi maternite. Mama amezaa, maziwa hayajatoka vizuri, bibi analeta kikombe cha mandale ao chupa ya bia. Bibi hana nia mbaya. Anampenda mjukuu wake, na yeye mwenyewe alifanyiwa vile.

Lakini sikia namna mambo yanavyokwenda. Kuna kazi mbili katika ziwa: kutengeneza maziwa, na kuyatoa. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unatuma amri mbili: moja inasema «tengeneza», nyingine inasema «toa». Alkoli inazuia amri ya pili. Maziwa yanakaa ndani. Mama anasikia ziwa limejaa na limekuwa zito, anafurahi, anasema: «Bia imefanya kazi.» Kumbe ziwa limejaa kwa sababu halitoki. Katika uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka wa 1991, watoto walinyonya mara nyingi zaidi baada ya mama kunywa alkoli, lakini walipata maziwa kidogo zaidi.

Tena alkoli inapita katika maziwa sawasawa na katika damu. Inakuwa nyingi sana kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa. Mtoto mchanga anayenyonya wakati ule anasinzia. Mama anasema: «Mutoto analala muzuri.» Lakini hakulala vizuri. Anaamka mara nyingi zaidi, ananyonya kidogo, hakui.

Jambo lingine la hatari: mama aliyelewa analala usingizi mzito. Mtoto akiwa karibu naye kitandani, mama anaweza kumlalia na asijue. Kama kuna mtu amelewa nyumbani, baba ao mama, mtoto asilale kitanda kimoja naye.

Kitu gani basi kinaleta maziwa?

Kwanza, mtoto mwenyewe. Mweke kwenye ziwa katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Mnyonyeshe mara nane na zaidi mchana na usiku. Ziwa ni kama chemchemi: ukichota, maji yanakuja.

Pili, kunywa maji safi kila mara unaposikia kiu, ao uji, ao chai.

Tatu, kula. Bugali na maharagi, sombe na karanga, lengalenga, samaki, ndizi. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya mbele.

Nne, pumzika. Baba na bibi wasaidie kuchota maji na kutafuta kuni. Kama bibi anataka kukuletea zawadi ya maziwa, alete chungu cha uji wa soya. Hiyo ndiyo zawadi.

Na mtoto asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka miezi sita itimie. Dawa aliyoandikiwa na munganga ndiyo peke yake inaruhusiwa.

6. JE, BIA NYEUSI INALETA DAMU?

Hapana. Mtu aliyepungukiwa damu anahitaji chuma katika chakula na dawa. Chuma kinapatikana katika maini, nyama, samaki, ndagala, sambaza, maharagi, sombe na lengalenga. Mama mwenye mimba anapewa pia vidonge vya chuma na folate kwenye kituo cha afya. Vimeze kila siku. Choo kikiwa cheusi, usiogope, ni vile vidonge.

Lakini mara nyingi damu inapungua kwa sababu ya malaria ao minyoo. Lala chini ya chandarua, meza dawa ya kuzuia malaria unayopewa siku ya kupima mimba, na dawa ya minyoo. Kama macho ya ndani ni meupe, unachoka upesi na moyo unapiga mbiombio, njoo tupime damu. Mama anayetibu kupungukiwa damu kwa bia anapoteza feza, na anafika maternite bila damu. Akitokwa na damu siku ya kuzaa, hatari ni kubwa mno.

Wengine wanasema: «Lakini pombe ya mtama inatoka katika chakula, basi ni chakula.» Kuna ukweli kidogo hapo. Ile pombe nzito yenye masimbi inabaki na vitamini kidogo ya nafaka. Lakini uji wa mtama uleule unakupa vitamini hiyo bila alkoli. Na mama anayejaza tumbo kwa mandale asubuhi hana njaa ya maharagi mchana. Yeye anakonda. Watoto wake wanakula bugali tupu kwa sababu feza imekwisha, na bwaki inaingia nyumbani: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto hachezi tena.

Fanya hesabu hii, mama. Chukua bei ya chupa moja ya bia katika mtaa wako. Nenda sokoni na feza ile, uliza utapata maharagi vikombe ngapi, ao sambaza kiasi gani. Kisha fanya hesabu hiyohiyo pamoja na baba wa watoto, kwa utulivu, siku ambayo hajakunywa.

7. MTOTO ASIONJESHWE POMBE

Kuna wazazi wanaompa mtoto kijiko cha kasiksi apate usingizi, ao kanyanga kwa minyoo ao surua. Hii ni hatari kubwa. Alkoli inashusha sukari katika damu ya mtoto mdogo upesi sana. Anakuwa baridi, anatoka jasho, anarukwa na akili, anaweza kuwa na degedege na kufa. Kama mtoto amekunywa pombe kwa bahati mbaya, na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari, na mlete hospitali mara moja. Asiyeamka usimtie kitu mdomoni, kimbia naye.

Tena pombe haipatani na dawa. Kama umepewa metronidazoli, ile wengi wanaita Flagyl, usikunywe pombe yoyote mpaka siku tatu zipite baada ya kumaliza. Kama unameza dawa ya kifua kikuu ao ya kifafa, pombe inaharibu ini na kuvunja kazi ya dawa.

8. KWA MAMA ANAYEPIKA POMBE

Tunajua kwamba wamama wengi wanasomesha watoto kwa feza ya kasiksi na mandale. Hatukuja kukuhukumu. Tunakuomba mambo haya:

Chemsha maji yote unayoongeza. Tumia vyombo vya chakula tu. Kama una mimba, usionje onje kila mtungi. Kijiko kwa kijiko kinakuwa kikombe. Mwombe mtu mwingine aonje. Usiwatume watoto wadogo kuuza usiku. Jaribu kuuza mutobe mpya siku ileile ya kukamua, watu wanaupenda, na watoto wanaweza kuunywa kama maji yake yalichemshwa. Kupika kanyanga na lutuku, acha kabisa. Huwezi kujua chupa gani itampofusha jirani yako.

Na kuna faida nyingine katika kazi yako. Ile nafaka iliyochipuka, inayoitwa kimea, inaweza kumjenga mtoto. Uji wa mtoto ukiwa mzito hawezi kuumeza. Ukiwa mwepesi, ni maji matupu. Kimea kinafanya uji mzito kuwa mwepesi bila kuongeza maji. Loweka ulezi usiku mmoja, ufunge katika kitambaa chenye maji siku mbili ao tatu mpaka uchipuke, uanike juani, ondoa mizizi na machipukizi kwa kusugua, usage. Pika uji mzito wa mahindi na soya. Uondoe motoni, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Baada ya dakika chache utaona uji unalegea. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto aliyepita miezi sita. Kwa kazi hii usitumie mtama: machipukizi yake yana sumu. Ulezi ao mahindi ndiyo mazuri.

9. KAMA UMEKWISHA KUNYWA

Kama ulikunywa mbele ya kujua una mimba, usikate tamaa, na usijifiche. Acha leo. Siku yoyote unayoacha, mtoto anapata faida, hata mwezi wa nane. Mwambie munganga ukweli siku ya kupima. Hatutatangaza habari zako.

Kama ulikuwa unakunywa sana kila siku, na ukiacha unatetemeka, unatoka jasho ao unaona vitu visivyokuwapo, usiache peke yako nyumbani. Njoo hospitali tukusaidie.

Kama unanyonyesha na umekunywa chupa moja katika sikukuu, usimwachishe mtoto ziwa. Ngoja saa nne ao tano ndipo umnyonyeshe. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuondoi alkoli upesi. Wakati tu ndio unaoiondoa. Ni vizuri zaidi kumnyonyesha mbele, na kukamua maziwa safi katika kikombe kilichochemshwa na kufunikwa, mtu asiyekunywa ampe mtoto kabla ya saa nne kupita. Lakini mama asiyekunywa hana hesabu hizi zote.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Mutobe na kasiksi zinatofautiana namna gani?
2. Kilauri kimoja cha kanyanga kinaweza kulingana na nini?
3. Kwa nini ziwa linasikika limejaa baada ya bia?
4. Taja vyakula vinne vinavyoleta damu, vinavyopatikana katika soko lenu.
5. Jirani amekunywa lutuku jana, leo macho yake yanaona ukungu. Utafanya nini?
6. Bibi ameleta chupa ya bia maternite. Utamjibu namna gani, kwa heshima?

TUKUMBUKE

Pombe zina majina mengi, lakini alkoli ni moja.
Soma namba ya chupa. Usidanganywe na rangi ao udogo wa kilauri.
Wakati wa mimba: hakuna pombe, hata kidogo.
Maziwa yanaletwa na mtoto anayenyonya, na mama anayekula.
Damu inaletwa na chakula, vidonge na chandarua.
Mtoto asionjeshwe pombe.

Mama, ukifika nyumbani, waeleze baba, bibi na jirani masomo haya. Juma lijalo, siku ya kupima watoto, tutaanza kwa kuuliza majibu yenu.